Kujizoeza Kupima kwa Usahihi katika Maabara ya Nyumbani

Kabla ya kugusa kemikali yoyote, anayejifunza kemia nyumbani ajizoeze kwanza kupima maji matupu, kwa sababu maji hayana madhara na yenyewe humwonyesha amekosea kwa kiasi gani. Atahitaji silinda ya kupimia ya kioo ya mililita 50, mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.1 au, bora zaidi, 0.01, dropa, bikari (chombo cha kioo chenye mdomo mpana), kipimajoto na daftari. Vyombo hivi vitengwe kabisa na vyombo vya jikoni.

Pima kwanza silinda ikiwa tupu na kavu, uandike uzito wake. Iweke juu ya meza iliyo sawa, mimina maji hadi karibu na alama ya 50, kisha malizia kwa dropa, tone moja moja. Utaona kwamba uso wa maji ndani ya kioo haukai tambarare, bali hupanda kidogo pembeni na kubonyea katikati. Kinachosomwa ni sehemu ya chini kabisa ya mbonyeo huo. Inama mpaka jicho liwe usawa wake, kwa maana ukitazama kutoka juu utasoma kiasi kikubwa kuliko kilichomo, na ukitazama kutoka chini utasoma pungufu. Karatasi nyeusi ikishikwa nyuma ya silinda, chini kidogo ya mbonyeo, huufanya uonekane wazi.

Rudisha silinda kwenye mizani, mbali na feni na dirisha lililo wazi, kisha toa uzito wa silinda tupu. Kwa nyuzi 20 za Selsiasi, mililita 50 za maji zina gramu 49.9, kwa nyuzi 30 zina gramu 49.8. Nashauri maji yapimwe yakiwa ndani ya silinda hiyohiyo, kwa kuwa ukiyahamishia kwenye bikari, matone kadhaa yatabaki kwenye kuta za kioo na kuharibu hesabu.

Rudia mara kumi, na hapa ndipo penye somo lenyewe. Matokeo yakikaribiana lakini yote yako mbali na 49.9, kagua chombo, au namna unavyokisoma kila mara. Yakitawanyika huku na huku, mkono na jicho bado havijatulia. Namba usiyoipenda usiifute: ikate kwa mstari mmoja, uandike sababu pembeni.

Kipimajoto hukaguliwa kwa barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo. Koroga, subiri namba itulie. Inapaswa kusoma 0. Usitegemee maji yanayochemka pasipo kujua mwinuko wa mahali ulipo, kwani kila mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari hupunguza kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 1.

Mwisho, ijue dropa yako. Husemwa kwamba matone 20 ni mililita 1, lakini ukubwa wa tone hutegemea upana wa ncha, kwa hiyo dondosha matone 100 ndani ya bikari iliyokwisha kupimwa, pima uzito ulioongezeka, gawanya kwa 100, kisha bandika jibu kwenye dropa hiyo.