Maharage ya kienyeji bustanini: mbegu chagua yakiwa bado shambani

Watu wengi huku Mwanza wakitaka kupanda maharage nyuma ya nyumba wanachota yale yaliyobaki kwenye ndoo ya jikoni, wanayafukia kwenye tuta, basi. Kuota yataota, ila kila msimu unaona mavuno yanashuka, unaanza kulaumu mvua, kumbe yale mazuri ulishayala na ukapanda makapi. Mbegu ya kienyeji, zile ambazo bibi zetu walizitunza kwenye kibuyu, inachaguliwa mimea ikiwa imesimama.

Na maharage yanarahisisha sana hiyo kazi kwa sababu ua lake linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka vizuri, sio kama mahindi ambayo ya jirani yanaharibu ya kwako. Maharage aina ya njano ukiyapanda jirani na aina ya gololi kwa kawaida mwakani njano inatoka njano. Acha tu hatua kadhaa kati ya aina na aina maana nyuki nao hawakosi, afu ukivuna usichanganye.

Tuna vuli Oktoba hadi Disemba na masika Machi hadi Mei. Kwa mbegu mimi naona masika ndio yenyewe, ukipanda mwezi wa tatu yanakuja kukauka mvua ikiwa inaaga, kwa sababu maharage yakikomaa kwenye mvua yanaotea humo humo kwenye ganda. Ardhi yako kama ni luseni, yaani kichanga, changanya samadi iliyoiva vizuri, kama ni mbuga, yaani udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji, inua matuta, mizizi ya maharage haivumilii kulowa. Mstari hadi mstari sentimita 50, shimo hadi shimo 20, mbegu mbili mbili, kina sentimita 3 hadi 5. Yale yanayotambaa yape mti wa kama mita 2. Urea usijaze, maharage yanajitengenezea naitrojeni yenyewe kwenye vinundu vya mizizi, ukizidisha utavuna majani.

Wiki za mwanzo angalia shina pale linapogusana na udongo. Ukikuta pamevimba na kupasuka na mche unageuka njano, huyo ni inzi wa maharage, funza wake yuko ndani. Miche iliyozidiwa ng'oa, iliyobaki pandishia udongo kwenye shina itoe mizizi mipya. Palizi maliza kabla ya maua, na asubuhi umande ukiwepo usiingie kabisa, unabeba magonjwa kwa nguo kutoka mche hadi mche bila kujua.

Sasa kwenye kuchagua. Yakianza kuweka maganda, pita ufunge kitambaa kwenye mimea iliyobeba vizuri na yenye majani safi. Mmea wenye majani ya batobato au yaliyojikunja uruke hata kama umebeba sana, na ganda lenye madoa meusi yaliyobonyea usilichukue, hayo magonjwa yanasafiri ndani ya mbegu. Wenye kitambaa hauguswi na mtu wa mboga, waambie na watoto.

Maganda yakikauka ng'oa asubuhi mapema, jua likishakuwa kali yanapasuka na mbegu zinaruka. Usiyaache yakae sana shambani maana wadudu wa kubungua wanaanza kutaga huko huko. Piga taratibu, peta, anika kwenye turubai. Kujua kama yamekauka, tia kiganja cha mbegu na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa: chumvi ikiganda kwenye kioo rudisha juani. Yakikauka jaza dumu hadi mdomoni, lisibaki na hewa, funga kabisa. Wengine wanachanganya na majivu yaliyochekechwa, nayo inasaidia. Usipokuwa na chombo cha kubana hewa, hicho ulicho nacho usikijaze, kiviringishe chini asubuhi na jioni, mdudu mchanga anahitaji muda kutoboa punje na ukimsumbua kila mara anashindwa.

Ya kula chuma mengine punje zikiwa zimejaa ila ganda bado bichi, yanaiva haraka na ladha yake huipati kwenye ya sokoni yaliyokaa gunia miezi. Makavu loweka usiku, maji yale mwaga, weka mapya na yachemke kwa nguvu sio chini ya dakika 10 kabla hujapunguza moto, maana maharage yenye ubichi yana sumu inayotapisha na moto mdogo hauimalizi. Nyanya weka yakishalainika, ukitangulia kuiweka utachoma mkaa mpaka uchoke. Magadi yanalainisha kweli ila yanaua vitamini B na mchuzi unabaki na ladha ya sabuni, mimi kwa maharage mapya ya bustani siweki. Kitunguu, nyanya, karoti kama ipo, tui ukipenda, na ugali wa muhogo pembeni.