Kidole kikikwama: jinsi ya kuikabili sindano ya steroidi

Mimi huchonga milango hapa Langoni, Lamu. Patasi imenikwamisha kidole cha pete: asubuhi nakikuta kimejikunja, nikikinyoosha kinafyatuka kama kitasa kibovu. Nikachomwa sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe. Ukiandikiwa nawe, fanya hivi.

Kabla ya kuchomwa, sema yote: kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, mzio, kidonda mkononi. Penye usaha hapachomwi. Mimi nina sukari, na nilionywa itapanda kwa siku kadhaa. Nikawa napima asubuhi na jioni, na halua nikaisusa wiki nzima. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Pete ivue nyumbani. Sindano huingia kiganjani, kwenye shina la kidole, penye kile kifundo kinachouma. Mara nyingi dawa huchanganywa na ganzi, kwa hiyo utatoka umefurahi. Usidanganyike! Ganzi ikiisha, maumivu yaweza kuzidi siku moja au mbili; weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Patasi niliiweka kando siku tatu, wateja wakanuna. Nafuu yenyewe huja polepole, pengine baada ya wiki mbili tatu.

Ngozi yaweza kubaki na baka jeupe. Lakini mkono ukiwa mwekundu, ukavimba na kuwaka moto, au ukapata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Wala usidai sindano kila kikikwama, kwani zikirudiwa sana kano hudhoofika. Changu kikikaidi tena, daktari ameshanitajia upasuaji mdogo.