Mndimu una majani ya njano? Usikimbilie urea

Kama mndimu wako wa kwenye ndoo unatoa majani machanga ya njano huku mishipa ikibaki kijani, usikimbilie kuweka urea, mbolea ya naitrojeni. Ukosefu wa naitrojeni huanzia majani ya zamani, yale ya chini. Njano inayoanzia juu mara nyingi ni njaa ya madini ya chuma.

Na chuma kimo humo humo udongoni. Huku kwetu Mbweni na Kunduchi, Dar es Salaam, udongo wenye mawe ya matumbawe una chokaa nyingi, na chokaa hukifanya chuma kisiyeyuke. Mizizi haikai kimya: mndimu, nyanya au mchicha hutoa tindikali, huongeza vinyweleo, kisha hukibadilisha chuma kiwe cha aina inayoingia mzizini. Mahindi na mpunga wana ujanja mwingine (mimi naupenda zaidi huu): hutema kemikali inayokikamata chuma, halafu huvifyonza vyote viwili kwa pamoja. Lakini ukimwagilia maji magumu ya kisima (yenye chokaa nyingi) kila siku, ile tindikali inazimwa kabla haijafanya kazi.

Changanya mboji iliyoiva, acha udongo upumue kabla ya kumwagilia tena, kinga maji ya mvua. Kwenye duka la pembejeo ulizia chuma cha cheleti, yaani kilichoshikwa na kemikali ili kiendelee kuyeyuka, aina ya EDDHA. Ya EDTA haifui dafu kwenye chokaa. Misumari yenye kutu niliyofukia mwaka jana ili itoe chuma bado ipo, na mndimu ulibaki njano vilevile.