Kuipima bunduki kongwe ya .22 kwa risasi za polepole, hatua kwa hatua

Bunduki yenyewe ni ya .22 (kipimo cha upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) inayojipakia, mchoro wa John Browning, ambayo kiwanda cha FN cha Ubelgiji kilianza kuitoa mwaka 1914. Ilikuwa ya ammi yangu. Alipofariki ilikaa polisi mpaka leseni yangu ikatoka. Sitaki kuichosha. Ilipobuniwa, risasi za .22 za kasi kubwa zilikuwa hazijaingia sokoni. Zilikuja miaka ya 1930. Ninachotafuta ni risasi tulivu kuliko zote ambayo bado itaifanya ijipakie bila kukwama.

Risasi za .22 hazijazwi upya nyumbani. Kiwashio kimo ndani ya ukingo wa ganda, na ukingo ukishagongwa, basi. Kwa hiyo kupunguza nguvu ni kuchagua pakiti nyingine dukani. Usifungue risasi kumwaga baruti, hata kidogo.

Hatua ya 1: Soma mtutu, kisha mpelekee fundi. Aina hii ilitolewa kwa .22 Short (risasi fupi) na kwa .22 Long Rifle (ndefu), na maandishi yamo kwenye mtutu. Usizichanganye. Halafu fundi mwenye leseni aitazame springi na chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Springi iliyolegea kwa uzee itakudanganya: risasi dhaifu itaonekana inatosha, kumbe kila ya kawaida inaipigiza bolti (chuma kinachoziba nyuma ya mtutu) nyuma kwa nguvu.

Hatua ya 2: Nunua aina tatu. Zote ziwe na kichwa cha gramu 2.6, ili kitakachobadilika kiwe kasi peke yake. Ya kasi kubwa hutoka kwa takriban mita 380 kwa sekunde, ya kawaida 325, na ya polepole karibu 320. Kwenye joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri mita 349 kwa sekunde, ndiyo maana mbili za mwisho hazitoi ule mpasuko mkali hewani. Pakiti zikae kivulini. Baruti iliyopikwa ndani ya gari wakati wa kaskazi huenda mbio zaidi, na vipimo vyako vitakuwa vya gari, si vya risasi.

Hatua ya 3: Tandika leso. Hapa ndipo kazi ilipo. Bunduki hii haitupi maganda pembeni. Huyadondosha chini, mbele ya kifyatulio. Kwenye meza ya uwanja wa shabaha mimi hutandika leso nyeupe ya zamani. Bolti haina kufuli: uzito wake na springi ndivyo vinavyoizuia, na ganda lenyewe ndilo linaloisukuma nyuma. Ikirudi safari nzima, ganda huanguka kwa kishindo na kubingirika. Ikirudi nusu, ganda huteleza tu likalala papo hapo, au linabanwa kwenye tundu la kutokea. Angalia pia ubavu wake: masizi mengi upande mmoja ni dalili ya nguvu ndogo au chemba chafu. Na vaa mikono mifupi, maana ganda la moto likiingia kwenye mkono wa shati utatikisika huku kidole kiko karibu na kifyatulio.

Hatua ya 4: Panda pole pole. Miwani na vizibo vya masikio kwanza. Anza na risasi ya kawaida: moja peke yake, kisha mbili, kisha tano, ndipo ujaze zote 11. Rudia kwa ya polepole. Ya kasi kubwa mimi hupiga tano tu, kwa kulinganisha. Andika kila kukwama, na ni risasi ya ngapi. Safisha chemba kati ya aina na aina.

Hatua ya 5: Sikiliza. Mara moja, nikiwa na pakiti ya polepole iliyokaa kabatini muda mrefu, nilisikia "puu", kama kifuniko cha soda. Jirani yangu mezani akasema, "Endelea tu, bwana." Sikuendelea. Niliitoa risasi zote, nikauchomoa mtutu, nikatazama upande wa pili: giza. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani. Ningepiga nyingine nyuma yake, mtutu ungeweza kupasuka mbele ya uso wangu. Ukisikia hivyo, simama, na kazi ya kukitoa mwachie fundi. Ukifyatua isipolia kabisa, elekeza mbele na ungoje sekunde 30 kabla ya kufungua.

Hatua ya 6: Amua. Kwangu ya polepole ilikwama mara nne katika risasi 40, zote baada ya chemba kuchafuka. Ya kawaida haikukwama hata mara moja. Nimebaki nayo.

Kabla ya kukunja leso, hesabu maganda. Nilipiga 40 za kawaida nikapata 39. La mwisho lilikuwa limejificha kwenye pindo.