Jiko la kiangazi nchini Japani: maelekezo kwa wanaotoka Bukavu na Goma

Mtu wa Kivu anayejiandaa kwenda Japani kwa masomo au kwa kazi huonywa na kila mtu kuhusu theluji, na familia humtafutia koti zito kabla hata visa haijatoka. Kuhusu kiangazi hakuna anayesema neno, kwa kuwa wote huamini kwamba Mwafrika hasumbuliwi na joto. Imani hiyo ni ya hatari. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku tunajifunika blanketi mwaka mzima, na kuanzia Juni hadi Agosti tunakuwa na ukavu, vumbi na asubuhi za baridi. Katika miezi hiyo hiyo joto la mchana katika miji ya Tokyo, Nagoya, Osaka na Kyoto hupita mara nyingi nyuzi 35, hewa ikiwa imejaa unyevu hata jasho halikauki mwilini, na usiku mwingi halishuki chini ya nyuzi 25. Tarehe 5 Agosti 2025 mji wa Isesaki, katika mkoa wa Gunma, ulifikia nyuzi 41.8. Ndugu zetu wa Uvira huenda wakazoea upesi zaidi. Sisi wa milimani inatubidi kujifunza.

Nitakayoeleza hapa yanahusu zaidi jikoni. Hayo ni majira ambayo chakula huharibika kwa haraka ambayo hatukuizoea, na wakati huohuo ni majira ambayo maduka ya Japani hujaa mboga tulizokua tukizila. Anayejua kulinda chakula chake dhidi ya joto atakula vizuri kuliko katika miezi mingine yote ya mwaka.

Mvua kwanza, kisha joto

Katika kisiwa kikuu cha Honshu, msimu wa mvua uitwao tsuyu huanza karibu na mwanzo wa Juni na kuisha katikati au mwishoni mwa Julai. Okinawa huutangulia, na Hokkaido karibu haina msimu huo. Mvua hiyo si ya kupiga radi na kupita kama ile ya kwetu ya Novemba. Hunyesha taratibu kutwa nzima, nguo hazikauki, na kuvu huota kwenye viatu, kwenye ukuta nyuma ya kabati na, lililo baya zaidi, kwenye chakula kikavu.

Kwa hiyo mvua inapoanza, toa unga wote kabatini. Unga uliokwisha kufunguliwa, uwe wa mahindi, wa muhogo au wa ngano, ukiachwa nje katika unyevu ule huingiliwa na utitiri mdogo usioonekana kwa macho, na hospitali za Japani zimepokea wagonjwa waliovimba na kushindwa kupumua baada ya kula vyakula vilivyopikwa kwa unga wa namna hiyo, kwa maana moto wa jiko hauondoi kile kinacholeta mzio. Unga utiwe katika chombo chenye kifuniko kinachobana, kisha uwekwe ndani ya friji. Mchele nao uwekwe humo: ujaze katika chupa safi na kavu za plastiki, uzipange katika droo ya mboga, na wadudu weusi wa nafaka hawatauona.

Vyumba vingi vya kupanga vina kiyoyozi. Kwenye rimoti yake tafuta maandishi matatu: 冷房 ni kupoza, 除湿 ni kuondoa unyevu, 停止 ni kuzima. Wakati wa tsuyu kuondoa unyevu kunatosha mara nyingi; Julai joto linapokolea, poza. Kipimo kinachopendekezwa na serikali ni nyuzi 28, lakini hicho ni kipimo cha hewa ya chumbani, si cha namba iliyo kwenye rimoti, hivyo nunua kipimajoto kidogo uweke mezani. Safisha kichujio kila wiki mbili. Wageni wengi huzima kiyoyozi usiku kwa kuogopa bili ya umeme, nami nasema waziwazi kwamba ni akiba mbaya: kila mwaka watu hufa kwa joto wakiwa ndani ya nyumba zao wenyewe.

Mwili wa mpishi

Maji ya bomba nchini Japani hunyweka bila kuchemshwa, na kwa mtu aliyezoea madumu na dawa ya kutibu maji hilo pekee ni faraja kubwa. Hata hivyo maji matupu hayatoshi siku ya jasho jingi. Wajapani hunywa mugicha, chai ya shayiri iliyokaangwa, ambayo haina kafeini na hivyo inawafaa hata watoto: tia pakiti moja katika lita 1 ya maji baridi, weka friji kwa saa moja au mbili, itoe pakiti, na uimalize ndani ya siku mbili kwa sababu huchacha. Ukianza kusikia kizunguzungu, mshtuko wa misuli au kichefuchefu, ingia mahali pa baridi, lowesha shingo na makwapa, na unywe mchanganyiko uleule ambao mama zetu huwapa watoto wanaoharisha, yaani lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtu akichanganyikiwa au akishindwa kunywa mwenyewe, piga namba 119. Gari la wagonjwa halilipiwi.

Kuna jambo jingine ambalo naliona kuwa la lazima kwa wanaowasili kutoka Kongo kati ya Juni na Septemba. Homa inayokupata katika wiki za kwanza inaweza kudhaniwa kuwa ni joto tu au mafua, kwa kuwa daktari wa Japani humwona mgonjwa wa malaria kwa nadra sana. Mwambie mara unapoingia kwamba umetoka nchi yenye malaria, na uombe upimwe siku hiyohiyo.

Saa za kupika

Jiko la chumba cha mwanafunzi huwa ni kipande cha ukuta karibu na kitanda. Ukichemsha maharage humo kwa saa tatu mchana wa Agosti, kiyoyozi kitashindwa nawe utalala katika mvuke. Pika alfajiri. Jua la Juni na Julai huchomoza mapema, Tokyo hata kabla ya saa kumi na moja asubuhi, na saa hizo ndizo pekee ambazo unaweza kufungua dirisha na kupata hewa yenye nafuu.

Usibebe pasi wala jiko la umeme kutoka nyumbani, kwa sababu umeme wa Japani ni wa volti 100. Makala ya kupikia nayo hayana nafasi: mbabula, yaani jiko la makala, ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa moshi usioonekana, na mikataba mingi ya kupanga inakataza moto hata kwenye baraza. Badala yake tafuta vyombo vitatu, hata kama vimetumika, yaani sufuria ya umeme ya wali, maikrowevu na sufuria ya presha.

Maharage mekundu ya Hokkaido yaitwayo kintoki yanakaribia sana yale ya Kabare. Yaloweke usiku kucha ndani ya friji, si mezani, kwani mezani yatakuwa yamechacha kufikia asubuhi. Kisha sufuria ya presha itayaivisha kwa muda mfupi sana kuliko sufuria ya kawaida. Anayependa kuyalainisha kwa magadi anunue jūsō, lakini asome pakiti: ile inayouzwa kwenye rafu ya sabuni ni ya kusafishia nyumba, na ya kula huandikwa 食用.

Kwa ugali, unga wa muhogo hupatikana katika baadhi ya maduka ya vyakula vya Kiafrika na vya halali, hasa mtaa wa Shin-Okubo jijini Tokyo, na wengine huuagiza kwa intaneti. Wanaoishi karibu na Wabrazili, kama vile Oizumi katika Gunma, Hamamatsu, au miji ya viwanda ya Aichi, wana bahati zaidi, kwa kuwa maduka ya Wabrazili huuza unga laini wa mahindi uitwao fubá, muhogo uliomenywa na kugandishwa, na mafuta ya dendê, ambayo ni mawese yetu yenyewe. Ukikosa vyote, changanya vikombe vitatu vya semolina laini na kimoja cha katakuriko, wanga wa viazi unaouzwa katika kila duka. Utapata ugali unaovutika na kushikana vizuri mkononi. Siku ya joto kali usiusonge kwenye moto. Koroga kikombe kimoja cha unga katika vikombe viwili vya maji ndani ya bakuli kubwa linalostahimili joto, uweke katika maikrowevu dakika mbili, uusonge kwa mwiko, urudishe dakika mbili, uusonge tena, na kuendelea hivyo hadi harufu ya ubichi iishe.

Mboga na samaki wa msimu

Kuanzia Juni utakuta madukani vifungu vya moroheiya, ambayo ni mlenda. Utakuta bamia, mbilingani, maboga, pilipili mbichi, matango, na kūshinsai, mboga ya majani ya mashina matupu inayopikwa kama matembele. Sioni sababu ya mtu kutamani nyumbani huku akipita kando ya rafu hizo na kununua tambi za pakiti.

Mlenda wangu wa kiangazi ni huu. Chambua majani ya moroheiya, yakate laini. Chukua niboshi, dagaa wadogo waliochemshwa na kukaushwa, uwaondoe vichwa na matumbo kwa sababu huleta uchungu, uwakaange kidogo bila mafuta na kuwatwanga. Chemsha kikombe kimoja cha maji pamoja na kitunguu na nyanya, tia bamia zilizokatwa, na zikiisha kulainika tia majani na unga wa dagaa, uache dakika tatu bila kufunika. Chumvi huwekwa mwisho kwa kuwa niboshi wenyewe wana chumvi. Ukipanda moroheiya mwenyewe katika chungu barazani, chuma majani tu na uache kabisa maua, maganda na mbegu, kwa maana mbegu zake zina sumu ya moyo. Lengalenga, yaani mchicha, pia hupandika: mbegu zake huuzwa kwa jina la hiyuna, hupenda joto lile lile linalotuchosha, na chungu kimoja kinachopata jua kinaweza kumlisha mtu mmoja mara kwa mara.

Badala ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tafuta mame-aji, samaki wadogo wa baharini ambao hufika kwa wingi mwanzoni mwa kiangazi. Vuta mashavu kwa kidole na matumbo yatatoka pamoja nayo. Osha, kausha vizuri kwa karatasi, wapake katakuriko na chumvi, ukaange kwa moto wa wastani, uwatoe, kisha uwarudishe kwenye mafuta yenye moto mkali ili mifupa ivunjike mdomoni. Pilipili na limau vinatosha. Ladha ni ya bahari, si ya Ziwa Kivu, lakini mkono unapokwenda kwenye sahani haukawii. Mafuta yaliyobaki usiyamwage kwenye sinki: yakiisha kupoa yafyonze kwa magazeti, uyatupe pamoja na taka za kuchomwa.

Sufuria isilale jikoni

Kwetu sufuria ya maharage au sombe (majani ya muhogo) hulala juu ya jiko na kupashwa moto asubuhi, na baridi ya usiku hutusaidia. Nchini Japani tabia hiyo ndiyo ya kwanza kuachwa. Katika mchuzi mzito unaopoa polepole kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, nao huzaana kwa kasi sana mchuzi unapokuwa vuguvugu. Kupasha moto asubuhi hakuokoi kitu kwa hakika. Mara tu mnapomaliza kula, gawa kilichobaki katika vyombo vifupi, uvipoze juu ya maji yenye barafu, na uviingize friji ndani ya saa mbili. Friji iwe chini ya nyuzi 10, na unapopasha tena, chakula kichemke hadi katikati. Wali nao ufungwe ukiwa bado na mvuke, kwa kiasi cha mlo mmoja mmoja, ugandishwe.

Mifupa na matumbo ya samaki yafunge katika mfuko uyaweke friza hadi siku ya taka za kuchomwa. Majirani wengi wa Kijapani hufanya hivyohivyo, na jumba zima litakushukuru. Taka hutolewa asubuhi ile ile, kwa kawaida kabla ya saa mbili, katika mifuko inayotakiwa na manispaa.

Vimbunga huja zaidi kati ya Agosti na Oktoba. Watu wa Goma waliokimbia volkano ya Nyiragongo mwezi wa Mei 2021 wanajua thamani ya kuwa na begi tayari; hapa ongeza maji, lita 3 kwa kila mtu kwa siku, ya kutosha siku 3 angalau, pamoja na jiko dogo la gesi ya kopo, ambalo huwashwa dirisha likiwa wazi. Upepo ukitangazwa, ingiza vyungu vya lengalenga ndani. Umeme ukikatika usifungue friji ovyo: friji iliyofungwa hushika baridi kwa takriban muda wa saa 4, na friza iliyojaa kwa takriban siku 2, kwa hiyo anza kula vya friji, fuata vya friza, na sombe iliyoyeyuka ikapata joto itupwe badala ya kugandishwa tena.