Namna ya Kuelewa Misemo ya Kiingereza Inayohusu Urafiki

Mwanafunzi wa Kiingereza jijini Dar es Salaam akisoma kwamba watu wawili "got on like a house on fire", anaweza kudhani limetokea balaa, kwa kuwa nyumba anaijua na moto anaujua. Kumbe maana yake ni kwamba wawili hao walipatana upesi sana tangu siku ya kwanza. Basi, unapokuta maneno yasiyolingana na habari inayosimuliwa, soma kwanza sentensi iliyotangulia na inayofuata, ujiulize kama wahusika wamekaribiana au wametengana, ndipo ufungue kamusi kuthibitisha.

Methali hazisumbui sana, maana nyingi zina ndugu zake katika Kiswahili. "A friend in need is a friend indeed" hukusudia yaleyale ya akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Anayetajwa hapo ni yule anayekusaidia, si yule anayeomba msaada, jambo ambalo wengi hulipindua.

Panapohitaji bidii, kwa maoni yangu, ni vitenzi vifupi, kwa sababu neno dogo linalofuata kitenzi ndilo linalobadili maana yake. "They fell out" ni kusema kwamba walikosana, ilhali "he fell for her" ni kusema kwamba alimpenda kimapenzi. Na waliokosana wakipatana tena, husemwa "they made up". Usiandike kitenzi peke yake daftarini. Andika sentensi nzima, yenye mtendaji na anayetendewa, kisha utunge yako inayowahusu watu unaowafahamu.

Pima pia kauli za adabu. Mwingereza akikuambia "we must have lunch sometime", yaani lazima siku moja tule chakula cha mchana pamoja, bila kutaja siku wala mahali, mara nyingi anaagana nawe kwa wema tu, kama sisi tunavyoambiana "tutatafutana" kituoni Posta, kila mmoja akikimbilia daladala yake. Akitaja Jumamosi saa saba, huo ndio mwaliko.

Neno "mate", yaani rafiki, nalo, Uingereza na Australia, huweza kuelekezwa hata kwa mtu asiyefahamika, kama muuza duka wa Kariakoo anavyomwita mteja "kaka", kwa hiyo ukiitwa hivyo usidhani umekwisha kupata rafiki, wala usilitumie katika barua ya kuomba kazi.