Lebo ya mvinyo kabla haijafika kwenye pleti

Wasindikaji wa mvinyo hapa Dodoma wakianza kujaza chupa, meza yangu hujaa lebo, na karibu kila lebo ina kichala cha zabibu kilichopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp. Hapo ndipo naanza ubishi. Picha ikitumwa hivyo hubanwa. Mwambie aliyeipiga aitume kama dokumenti. Lebo ya sentimita 9 kwa 12, ukiongeza milimita 3 kila upande za kuliwa na gilotini (mashine ya kukatia karatasi), inataka picha ya pikseli zisizopungua 1,134 kwa 1,488. Hiyo ni pikseli 300 kwa inchi, mara mbili ya mistari 150 ya nukta kwa inchi tunayochapa kwenye karatasi ya kung'aa. Kuivuta picha ndogo iwe kubwa ni kujidanganya.

Ofseti, uchapaji wetu wa pleti (bamba moja kwa kila rangi), haina wino hafifu. Sehemu ya pleti ama inashika wino, ama haishiki. Ile zambarau ya zabibu ni nukta za majenta (waridi iliyokolea) na sayani (buluu ya kijani) zenye ukubwa tofauti. Jicho ndilo linalozichanganya. Safu za nukta za kila rangi hulazwa kwa pembe yake, kwa digrii: nyeusi 45, majenta 75, sayani 15, njano 0. Programu huzipanga yenyewe, usiziguse. Ila ukiskani picha kutoka gazetini, nukta zake za zamani zitagombana na hizi mpya na utapata madoa kama ya kitenge.

Badilisha kazi kutoka RGB (rangi za mwanga wa skrini) kwenda CMYK (wino nne: sayani, majenta, njano na nyeusi) mwenyewe, usimwachie mchapaji, maana rangi zinazowaka kwenye skrini zitapoa na ni bora uzione zikipoa. Anga ya buluu ikiwa na sayani asilimia 100 na majenta asilimia 100 itatoka zambarau. Shusha majenta hadi 70 hivi. Kumbuka pia nukta hunenepa ikigusa karatasi: asilimia 50 inaweza kuonekana kama 65, na kwenye karatasi isiyong'aa zaidi ya hapo. Angaza kidogo sehemu zenye giza, na jumla ya asilimia za wino zote nne mahali pamoja isizidi 300, la sivyo lebo zitagandana kwenye rundo.

Sasa, kwenye programu yako, fungua dirisha la kukagua pleti, uzime rangi moja moja. Mimi huzima nyeusi kwanza. Maandishi madogo ya ujazo na kilevi yanapaswa kutoweka yote. Yakibaki hata kivuli, yametengenezwa kwa rangi nne, na kiangazi chetu kikikausha karatasi hadi ijikunje, pleti zitapishana kidogo tu na herufi zitaota ukungu. Yaweke nyeusi 100 peke yake, na uyape amri ya kuchapwa juu ya rangi nyingine bila kuzitoboa. Herufi nyeupe usizipe amri hiyo, zitapotea kabisa.

Bakodi nayo iwe nyeusi tupu juu ya nyeupe. Kuna wanaotaka ifanane na mvinyo. Skana nyingi za dukani humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu haziioni.

Herufi zigeuze maumbo, hifadhi PDF/X-1a (aina ya PDF ya kupeleka kiwandani), kisha dai prufu (nakala ya majaribio) uiangalie nje kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya ofisini. Na faili lipe jina la bidhaa na tarehe. "Lebo mwisho kabisa 2" ninazo za kutosha.